UZI: Upinde wa kuwindia wa mbao mbili, kuubuni na kuuunda katika hewa yetu ya Mombasa

Seremala wa Kisauni

Asalaam aleikum wanajamvi.

Wapo walioniomba nifungue uzi huu baada ya maswali kujaa kule kwenye uzi wa vyombo vya mkono. Nimeona niandike yote mahali pamoja, kisha tuulizane.

Kwanza la sheria, tusije tukakatizana katikati. Uwindaji Kenya umepigwa marufuku tangu 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikulegeza kamba. Kwa hiyo upinde ninaoueleza una nguvu na umbo la upinde wa kuwindia, ila kazi yake kwetu ni shabaha: gunia lililoshindiliwa matambara, na nyuma yake tuta la mchanga au ukuta usio na mlango wala dirisha. Sumu ya msunguti, ule mti wa sumu ya mishale, hatutaizungumza hapa, hata kwa fumbo.

Sasa, kwa nini mbao mbili? Upinde ukivutwa, mgongo wake, yaani upande unaotazama shabaha, unanyooshwa. Tumbo, upande unaokutazama wewe, linabanwa. Upinde wa kipande kimoja hudumu pale mgongo unapokuwa tabaka moja la mti lisilokatwa kutoka ncha hadi ncha. Wazee walilipata hilo kwa kwenda msituni kuchagua mti mwembamba ulionyooka, wakachonga upande wa tumbo peke yake, na mgongo ukabaki kama ulivyokuwa chini ya gome. Wawaata wa upande wa Tsavo walipiga ndovu kwa pinde za namna hiyo, pinde ambazo uzito wake wa kuvuta ulizidi pauni 100, yaani zaidi ya kilo 45. Anayetaka kuufahamu ustadi wa pwani hii asome habari zao kwa heshima, maana ni watu waliofikia kilele cha kazi hii kwa panga, moto na jicho.

Mimi na wewe tunanunua mbao iliyopasuliwa na msumeno. Msumeno haujui nyuzi za mti zinakwenda wapi, unapita tu. Pale nyuzi zinapotokea juu ya mgongo ndipo upinde utakapochanika. Dawa yake ni kubandika mgongoni ubamba mwembamba wa mti mwingine wenye nyuzi ndefu, zilizonyooka, usiochanika ukinyooshwa. Ubamba huo unabeba mzigo wa kunyooka, na tumbo linabaki na kazi moja ya kubanwa.

Si jambo geni duniani. Wasami na Wafini wa kaskazini ya Ulaya walichukua msonobari ulioota kwa kuinama, wakakata ule upande wa chini ulioshindiliwa na uzito wa mti wenyewe, wakaufanya tumbo, na mgongoni wakabandika mti wa betula kwa gundi iliyochemshwa kutoka kwa samaki. Wajapani upinde wao mrefu una mwanzi mgongoni na tumboni, na mti katikati. Marekani, miaka ya 1930, wanafizikia akina Clarence Hickman na Paul Klopsteg waliupima upinde kwa hesabu, wakaonyesha kwamba mkono wa upinde (kila nusu yake, kutoka mshiko hadi ncha) ulio bapa wa pembe nne unafanya kazi vizuri kuliko ule wa Kiingereza wenye tumbo la mviringo.

Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa nchi baridi na kavu. Ukivifuata neno kwa neno hapa kisiwani utapata upinde mlegevu, uliolala, na utailaumu mbao bure. Kinachoamua upinde wa Mombasa ni unyevu. Kausha kwanza, mengine baadaye. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Mwana wa Likoni

Aleikum salaam fundi. Hebu fafanua hapo kwenye unyevu. Mbao nimeinunua kavu, imekaa yadi mwaka mzima chini ya mabati. Inakosa nini?

Seremala wa Kisauni

Inakosa hewa kavu, ndugu yangu. Mbao hufuata hewa iliyoizunguka. Hewa yetu ya pwani ina unyevu wa asilimia 75 au zaidi muda mrefu wa mwaka, na mbao ikikaa humo hata miaka kumi, inatulia kwenye maji kama asilimia 14 ya uzito wake mkavu. Seremala wa milango ataiita kavu, na kwa mlango kweli ni kavu. Kwa upinde unataka asilimia 8 hadi 10. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya tumbo liwe laini, likibanwa halirudi, na upinde ukifunguliwa kamba unabaki umeinama.

Namna ya kukausha: tengeneza kasha refu la plaiwudi, ndani weka balbu za zamani zinazotoa joto (hizi mpya za LED hazisaidii), toboa matundu chini na juu ili hewa ipande. Kabla hujaiweka mbao ndani, ipime kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito juu yake kwa penseli. Pima tena kila baada ya siku mbili tatu. Uzito ukikoma kushuka, mbao imefika. Usiikadirie kwa macho. Asiye na umeme wa kuaminika aiweke chini ya paa la mabati mchana, aishushe jioni na kuifunga ndani ya nailoni ili isinywe unyevu wa usiku.

Na kazi ya gundi ifanye wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa kavu. Mwezi wa tano masika yakiwa yamepamba moto, mimi hunoa vyombo na kuchora tu.

Jambo moja wengi hulisahau: ubamba wa mgongo na mbao ya tumbo zikaushwe kasha moja, kwa wakati mmoja. Ukibandika kavu na mbichi, ile mbichi itasinyaa baadaye na kuvutana na mwenzake, nawe utashangaa upinde umejipinda upande ukiwa umetundikwa ukutani.

Mchongaji Changamwe

Ahsante kwa uzi huu. Mimi ni wa kazi ya vinyago, na sisi Wakamba uta ni chombo cha babu zetu, kwa hiyo naufuata kwa makini. Swali langu ni la mbao. Hapa kwetu mwarobaini ndio umejaa tangu mpingo na muhuhu vipungue. Unafaa tumbo?

Seremala wa Kisauni

Karibu sana fundi, na nashukuru umekuja, maana mkono wako kwenye mti ni mzito kuliko wangu.

Mwarobaini sikushauri. Nyuzi zake zinapishana, tabaka hili linaelekea kulia na linalofuata kushoto. Kwa kinyago hiyo si taabu, unaikabili kwa patasi kali. Kwa upinde, nyuzi zinazopishana maana yake kila hatua kuna mahali zinatokea juu. Mvule na mkangazi wana tabia hiyohiyo. Ni mbao nzuri za samani, lakini usizipeleke kwenye upinde ukiwa mgeni wa kazi.

Mpingo unastahimili kubanwa ajabu, ila ni mzito mno. Ncha za upinde zikiwa nzito, nguvu yote inaishia kuzisukuma zenyewe na mshale unatoka polepole. Ukiwa na kibanzi cha mpingo kitie kwenye ncha kabisa, pale kamba inapokaa, kipande cha kidole kimoja. Hapo utaona thamani yake: kamba haikati.

Mti ninaoupenda kwa tumbo ni mkole. Kote Afrika Mashariki watu wa pinde na mishale wameutumia, haukuwa bahati nasibu. Shida ni kwamba hupatikana mwembamba, kwa hiyo mara nyingi utaunganisha vipande viwili katikati ya mshiko kwa kiungo cha meno, kila upande ukiingia mwenzake kina cha sentimita kumi. Kiungo kikikaa ndani ya mshiko hakipindi, basi hakina hatari.

Kwa anayenunua mbao ya yadi, asiulize jina la mti kwanza. Aangalie nyuzi. Chukua kalamu ya wino mwepesi, dondosha tone juu ya uso wa mbao iliyopigwa randa, subiri. Wino utajivuta kufuata mishipa ya mti na kuchora mstari mwembamba. Mstari ukienda sambamba na ukingo wa mbao, chukua. Ukikimbilia pembeni, rudisha mbao mahali pake. Fanya hivyo nyuso mbili, ule mpana na ule wa ubavuni. Wenye yadi watakuangalia, wacha waangalie.

Bint Kibokoni

Fundi, shikamoo. Mimi nafanya kazi karibu na bandari na pallet zilizovunjika ni nyingi. Zipo za mbao nyepesi nyeupe na zipo nyingine nzito zenye rangi ya kahawia. Naweza kupata ubamba wa mgongo humo?

Seremala wa Kisauni

Marahaba dada. Zile nyepesi ni msonobari, ziache. Zile nzito nyingine huenda zikawa mwaloni, na humo unaweza kupata ubamba mzuri sana ukikubali kuchambua nyingi upate moja. Omba ruhusa ya mwenye mzigo kwanza. Na epuka zilizomwagikiwa mafuta au dawa, gundi haitashika na vumbi lake si la kuvuta.

Ila kwa mgongo, Mombasa tuna kitu bora kuliko pallet, nacho ni mwanzi. Nauweka juu ya mbao zote. Huu wa manjano unaopandwa Kwale na kwenye mashamba mengi ya pwani una ukuta mnene wa kutosha. Chagua uliokomaa, wa miaka mitatu au minne, si ule mchanga wenye vumbi jeupe chini ya vifundo. Upasue kwa panga, usitumie msumeno, ili ufuate nyuzi zake wenyewe. Utapata kibamba chenye mgongo wa mviringo na tumbo lenye shimo. Lile tumbo lipige randa mpaka liwe bapa, mpaka kibamba kibaki na milimita 3 katikati na kingo ziwe nyembamba kama kisu. Ule uso wa nje wenye kung'aa usiuguse, wala vifundo usivisawazishe. Nguvu ya mwanzi yote imekaa chini ya ngozi ile. Unapokaribia ndani, nyuzi zinapungua na kubaki nyama laini.

Mwanzi huu una wanga mwingi na bungua wanaupenda. Watu wa pwani tangu zamani huuloweka majini wiki kadhaa kuutoa wanga huo. Uloweke, na kama ni maji ya bahari uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ndipo uukaushe.

Tahadhari yake ni moja. Mwanzi una nguvu sana ukinyooshwa. Ukiubandika mnene juu ya tumbo la mbao laini, mgongo utakataa kunyooka na tumbo litalipa gharama yote. Milimita 3 zinatosha kabisa, na zikiwa 2 kwenye ncha ni bora zaidi.

Mwana wa Likoni

Vipimo sasa fundi. Nina urefu wa kawaida tu, mkono wangu unavuta kama inchi 28.

Seremala wa Kisauni

Kwa mvuto huo wa inchi 28, sentimita 71, na uzito wa pauni 45 hadi 50, anza hivi. Urefu wote sentimita 172. Mshiko sentimita 10 usiopinda, na kila upande wake mteremko wa sentimita 5 unaoingia mkononi taratibu. Upana milimita 38 unaoendelea hivyo mpaka nusu ya mkono wa upinde, kisha unapungua kwa mstari ulionyooka hadi milimita 12 nchani. Mbao ya tumbo peke yake iwe na unene wa milimita 12 karibu na mshiko na 8 nchani kabla ya kubandika. Itakuwa nene kuliko mahitaji, na ndivyo tunavyotaka, utaikwangua baadaye. Mshiko utaupata kwa kubandika kipande cha ziada upande wa tumbo.

Pauni 45 hadi 50 si kwa kujigamba. Sheria za baadhi ya majimbo ya Marekani kwa kuwinda kulungu zinaanzia pauni 35 hadi 45 hivi, kwa hiyo huu ni upinde kamili wa kuwindia. Ukiwa mgeni wa kuvuta, uunde wa 35 kwanza, bega lako lizoee.

Kumbuka hesabu moja nayo itakuokoa: ukipunguza unene wa mkono sehemu moja katika kumi, ugumu wake unashuka zaidi ya robo. Ukipunguza upana kiasi hichohicho, ugumu unashuka hiyo moja katika kumi tu. Ndiyo maana mwisho wa kazi tunakwangua kwa kigae cha chupa, na randa inarudi kabatini.

Mchongaji Changamwe

Na gundi? Sisi hutumia ile nyeupe kwa kila kitu.

Seremala wa Kisauni

Ile nyeupe iachie vinyago na viti. Ikibebeshwa mzigo wa kudumu huteleza kidogokidogo, na hewa yetu inaisaidia kuteleza. Tumia ya chupa mbili inayochanganywa, na uchague inayokauka polepole, si ya dakika tano. Changanya kwa vipimo vilivyoandikwa, usikisie.

Kabla ya kupaka, parua nyuso zote mbili kwa msasa mkali au kwa jino la msumeno wa chuma, urefu wote, kisha futa vumbi. Mti wenye mafuta upanguse kwa spiriti. Paka pande zote mbili. Usikaze kupita kiasi, maana gundi hii inataka kubaki katikati; ukiibana mpaka yote itoke pembeni umeacha kiungo kitupu. Mimi sina klampu nyingi, nakata tyubu ya baiskeli iwe kamba ndefu na kuzungushia upinde wote, mzingo juu ya mzingo. Inabana sawasawa kuliko klampu.

Hapo hapo kwenye kubandika ndipo utie mpindo wa nyuma. Kata ubao mnene uwe na umbo la upinde mpana, katikati pa chini, ncha zote mbili zimepanda sentimita 5. Funga upinde juu yake ukiwa umebinuka kinyume na utakavyovutwa. Gundi ikikauka, mbao mbili zimekubaliana kukaa hivyo. Mfundi wa Kimarekani Dan Perry ndiye aliyeitangaza njia hii na wenzake wakaiita kwa jina lake. Faida yake ni kwamba upinde unaanza na nguvu mapema, mvuto wa mwanzo haupotei bure, na ukimaliza kusawazisha utabakiwa na sentimita 2 au 3 za mpindo huo badala ya upinde uliolala.

Uache siku mbili kamili, ndani ya kasha lako likiwa na joto la wastani.

Onyo la mji huu: gundi hizi nyingi hulainika zikipata moto mkali. Usiache upinde ndani ya gari lililoegeshwa juani. Umeunda kazi ya miezi, itaachana saa moja ya mchana mmoja.

Bint Kibokoni

Kuna kaka yangu aliunda wa mbao ya yadi kabla ya uzi huu. Umesimama, unapiga, lakini tumboni, robo tatu kutoka mshikoni, imetokea mistari midogo ya kukata mkono kwa upana, kama nywele. Ni mipasuko?

Seremala wa Kisauni

Ni nyuzi zilizobanwa mpaka zikajikunja. Haupasuki leo, lakini pale pameshadhoofika na kila mvuto unaongeza. Sababu ni mojawapo ya tatu: mbao ilikuwa na unyevu, au mgongo ni mnene kuliko tumbo linavyostahimili, au mahali pale panapinda kuliko jirani zake. Kwa eneo ulilotaja nadhani ni la tatu. Mwambie asiguse hapo kabisa. Akwangue pembeni yake, kuelekea mshikoni na kuelekea nchani, mpaka mpindo ugawanyike. Upinde utapungua uzito, lakini utaishi.

Na hili linatupeleka kwenye kusawazisha, ambako ndiko upinde unakozaliwa au kufa.

Pigilia ubao wima ukutani, juu yake kitako cha kuweka mshiko, na ubaoni uchore mistari ya mlalo kila sentimita tano. Chini funga kapi, kamba ipite hapo ikufikie mkononi ukiwa umesimama mbali. Kwa nini mbali? Kwa sababu ukisimama hatua nne nyuma unaziona mikono yote miwili pamoja, na pia ukivunjika vipande havikupati. Kati ya ndoano na kamba ya upinde ning'iniza mizani ya ndoano, ile ya wauza vyuma chakavu.

Anza na kamba ndefu iliyolegea. Vuta kidogo tu. Tazama. Mkono unaopinda zaidi usiuguse, mgumu ndio unaokwanguliwa, na ni tumboni tu, mgongo kamwe. Tia alama ya penseli pale pasipopinda, kwangua mara chache, kisha vuta upinde mara thelathini fupifupi kabla hujauhukumu. Mbao haionyeshi mabadiliko papo hapo. Hapa ndipo wengi huharakisha: wanakwangua, hawaoni kitu, wanakwangua tena, na zile mvuto thelathini zikija kufanyika mkono umeshakuwa laini kupita kiasi.

Kanuni ya mizani: usivute hata siku moja kupita uzito unaoutaka mwishoni. Unataka pauni 45, ambazo ni kama kilo 20? Basi sindano ikigusa 20, simama, hata kama upinde umefika inchi 15 tu. Kwangua, vuta mara thelathini, rudi. Inchi zitaongezeka zenyewe na uzito utabaki palepale. Ukivuta zaidi kwa hamu ya kuona, unalivunja tumbo mapema na hasara hiyo hairudi.

Mpindo mzuri unaanzia mbali kidogo na mshiko, unaenea katikati ya mkono, na sentimita 15 za mwisho karibu na ncha zinabaki ngumu. Mkono wa chini uwe mgumu kidogo kuliko wa juu ukiwa unashika upinde chini ya katikati.

Nahodha Mtwapa

Salaam mafundi. Mimi nauliza ya mnazi. Shamba letu lina minazi mizee inayoangushwa. Mti wake mgumu sana, misumari inapinda. Hauwezi kuwa tumbo?

Seremala wa Kisauni

Swali zuri sana nahodha. Ule ugumu unaousema uko nje tu, karibu na gome, na sehemu ya chini ya shina kuliko ya juu. Ukienda ndani ni sponji. Watu wa nchi nyingine za joto wameunda pinde za miti ya jamii ya minazi, kwa hiyo wazo si la kubuni hewani. Chukua ukanda wa nje wa chini ya mnazi mzee, kata kijiti cha upana wa kidole na unene wa milimita 8, kikaushe, kibandike ubamba wa mwanzi, kisha kipinde polepole mpaka kivunjike. Andika kilipinda kiasi gani na kilianza kuachia upande upi, mgongo au tumbo. Fanya hivyohivyo na kijiti cha mkole cha vipimo hivyohivyo. Ukileta matokeo hapa utakuwa umetusaidia wote.

Mikoko msinitajie. Ni kweli boriti ni ngumu, lakini kukata mikoko kuna vibali vyake, na huwezi kupata mti mmoja wa upinde bila kuharibu.

Mwana wa Likoni

La mwisho upande wangu: kamba, na kuupaka nini.

Seremala wa Kisauni

Kamba usitumie nailoni, inavutika na inaiba nguvu ya upinde. Tafuta uzi wa poliesta. Kanuni ni kwamba nyuzi zote pamoja zistahimili mara nne ya uzito wa upinde au zaidi. Upinde wa pauni 45, kamba ibebe 180 kwa uchache. Pima uzi mmoja kwa mizani yako mpaka ukatike, kisha ugawanye. Paka nta ya nyuki. Upinde ukifungwa, kati ya kamba na mshiko pawe na sentimita 15 hivi. Na usiachie kamba bila mshale, hata kwa majaribio. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale inarudi yote mikononi mwa upinde.

Kupaka: mafuta peke yake hayazuii unyevu wa pwani, yanapendeza tu. Paka vanishi, tabaka nyembamba nne au tano, na ncha na mikato ya kamba uzipe zaidi, maana mbao hunywa maji kwa wingi pale nyuzi zilipokatwa. Pakaa upinde ukiwa umetoka kwenye kasha siku hiyohiyo. Ukiupaka baada ya wiki moja nje umeufungia unyevu ndani.

Ukimaliza kupiga, fungua kamba. Ulaze au uutundike kwa mlalo, ndani ya nyumba, mbali na ukuta wa bafu na jiko. Masika yakiingia urudishe kasha, balbu moja inatosha.

Mchongaji Changamwe

Nimeelewa. Nina vipande vinne vya mkole vilivyoletwa kutoka Kitui, vifupi. Wiki hii napasua mwanzi na kutengeneza kasha. Nahodha, ukikata kile kijiti cha mnazi nikatie na mimi cha ziada, tujaribu kwa vipimo vilevile.

Nahodha Mtwapa

Nitakukatia viwili, cha chini ya shina na cha juu.